Mkono Uliofika Ndani ya Bawa

Wifi yetu, ambaye mumewe alimwita Mkono Mrefu mbele za watu bila haya, jina ambalo kwa mwingine lingemaanisha mwizi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi saa na mkunga.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kituo cha reli, kisha chuo cha ushonaji. Mwalimu wa hesabu alitaka aendelee mbele, ila yeye alikwishapenda kitambaa, na kipendacho roho hula nyama mbichi. Mwaka 1978 aliajiriwa kiwanda cha sare kukagua mishono. Alikuwa akifumba macho, anapitisha kidole ndani ya mfuko wa suruali, anasema, "Hapa uzi umeruka." Na kweli, ulikuwa umeruka.

Tarehe 12 Desemba 1981 aliolewa na kaka yetu, fundi bati, wakajaliwa mwana na binti. Mwaka 1999 kaka alitangaza mezani kwamba anaunda ndege ya watu wawili bandani nyuma ya nyumba. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Wifi aliuliza tu, "Mlango wa banda utatosha?" Haukutosha, ukavunjwa.

Ribiti, zile pini fupi za kuunganishia bati, hupigwa na watu wawili: mmoja nje na nyundo ya upepo, mwingine ndani ameshikilia kipande cha chuma nyuma yake, ili mkia wa ribiti upondeke sawasawa. Kwenye ukingo mwembamba wa bawa, mkono wa kaka uligota kwenye kiwiko. Wa wifi uliingia mpaka kwapani. Siku moja mama mkwe wake alifika bila taarifa, akamkuta amezama bawani.

"Shikamoo mama," alisema, akinyoosha mkono wa kushoto.

"Mimi ndio wa kusalimiwa kwa kushoto?"

"Wa kulia uko ndani, mama. Nikiuchomoa sasa, mwanao ataanguka siku atakaporuka."

Mama akavuta kigoda, akasubiri.

Mwaka 2009 baridi yabisi ilimwingia vidoleni, na daktari akamwonya aache. Ilibaki safu moja ya ribiti, bawa la kushoto. Waliimaliza, kaka akaanza kushangilia. Mwenzake alikuwa bado anapapasa.

"Moja imelala upande," alisema.

"Huko nani ataiona?"

"Mimi nimeigusa. Itoe."

Kaka alimsihi. Vidole vyako vimeshavimba, alimwambia, tukiitoa hutaweza kushika tena, na hakuna mkono mwingine unaofika huko. Bawa litabaki na tundu na ndege haitaruka kamwe.

"Heri isiruke," alijibu. "Atakayekaa juu ya hiyo ribiti ni wewe."

Ikatobolewa, ikatolewa. Wifi aliurudisha mkono ndani, akashika chuma nyuma ya ribiti mpya. Alilia waziwazi kwa maumivu, lakini chuma hakikutikisika. Alipapasa tena, polepole, ndipo akasema, "Sasa sawa." Mkono ule haukushona tena maishani.

Ndege iliruka tarehe 20 Agosti 2011. Kaka alitangulia peke yake, akashuka, akampakia mkewe. Kaka anasema safari nzima mkewe hakutazama chini hata mara moja. Alilitazama bawa la kushoto tu, limetulia juu ya hewa tupu. Sisi wenye midomo tuliosimama uwanjani tulistaajabu, na mpaka leo hatujaacha.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka jana. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2023, mumewe akiwa ameushika mkono uleule.

Ameacha mume, mwana, binti, wajukuu watatu, na mawifi wanaobishana bado nani alimpenda zaidi. Ameacha pia ndege moja nzima, ambayo ndani ya bawa lake pana mahali ambapo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kupagusa.

Lala salama, wifi yetu. Mkono wako na upumzike.