Picha Isiyochelewa: Maisha ya Jean-Berchmans Kayumba (1984–2024)

Ndugu na jamaa, karatasi hii imeandikwa kwa siku moja, na wazee ambao walitumaini kwamba Jean-Berchmans ndiye angewaandikia wao. Mtuvumilie. Bado hatujaamini.

Jean-Berchmans Kayumba alizaliwa Kavimvira, hapa Uvira, tarehe 9 Agosti 1984, mtoto wa tatu wa marehemu Hirwa, karani wa forodha mpakani, na wa mama Nyirabahizi, ambaye ameketi hapa mbele yetu.

Mwaka 1990 aliingia shule ya msingi ya misheni. Darasa la tatu alifundishwa na mjomba wake, Mwalimu Rémy, anayewasomea maneno haya. Siku moja mtoto yule alikuwa akimtazama mama mmoja akipiga nguo juu ya jiwe, mbali ufukoni.

“Mwalimu, sababu gani ninaona anapiga, kisha sauti inakuja nyuma? Iko inapitia wapi?”

Mwalimu alijibu kadiri alivyojua. Mtoto hakuridhika, na kwa kweli hakuridhika maisha yake yote. Alipata diploma ya Serikali katika umeme mwaka 2003, kisha akasomea ufundi wa mitandao Bujumbura hadi 2008.

Mwaka uliofuata alifungua karakana yake Kimanga, pamoja na fundi mwenzake Bernardine. Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Dorine, na Mungu akawajalia Vanessa na Uwacu. Watu walipomsifu kwamba anapigania hata sehemu ya sekunde, Dorine alikuwa akisema: “Muje mumuite kwa chakula. Sekunde yake moja ni robo saa.”

Mwaka 2019 alikabidhiwa mtandao unaounganisha nyumba moja ya uzazi huko Luberizi na daktari aliye hapa mjini. Mkunga hupitisha kifaa cha ekografi juu ya tumbo la mama. Daktari huona picha akiwa Uvira, na humwongoza kwa sauti. Machi 2021 Jean-Berchmans alikosea. Alilazimisha kifaa cha mtandao cha mjini kwenda kwa mwendo mmoja, akaacha kile cha Luberizi kikisie mwendo wake chenyewe. Vifaa vikawa vinakatizana maneno. Ujumbe ukapotea, ukarudiwa. Daktari alipoagiza, “Simama hapo!”, mkono wa mkunga ulikuwa umekwisha kupita kwa sekunde moja na nusu. Mama aliyekuwa akipimwa na mtoto wake walipona. Lakini Jumapili iliyofuata Jean-Berchmans alisimama mbele ya kanisa kuungama.

“Ni zambi gani?” mchungaji akamuuliza.

“Nilichelewesha picha, pasta.”

Mama mmoja wa viti vya nyuma akasema kwa sauti, “Aliiba picha?”

“Hapana, maman! Aliichelewesha!” jirani yake akamsahihisha.

Kanisa zima likacheka. Yeye hakucheka.

Kwa miaka mitatu alichora na kuchora upya kadi ndogo ya elektroniki ya kuwekwa katikati ya vifaa vile. Wengi walimshauri anunue kifaa chenye mwendo mkali zaidi. Yeye akapunguza mwendo wa kifaa cha haraka ulingane na wa kile cha polepole.

“Weye uko unarudisha maendeleo nyuma,” Bernardine alimtania.

“Mwendo ukilingana,” akajibu, “ujumbe hausubiri katikati mpaka ukusanyike wote. Kichwa kiko kinatoka, mkia uko bado unaingia.”

Katika karatasi ya namna hii huwa kuna aya ya ugonjwa. Yake haipo. Hakuugua. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, alikuwa mezani Kimanga akifunga kadi ile ndani ya sanduku lake, ili mchana aipeleke Luberizi. Bisi tatu kati ya nne, skrubu za sanduku, zilikuwa zimeingia.

“Bernardine, unipatie ya ine, ile kafupi.”

Bernardine aligeuka kuitafuta. Alipogeuka tena, Jean-Berchmans alikuwa ameinamia meza. Hospitalini walisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini.

Jana, Ijumaa, Bernardine aliikaza bisi ya nne, akapanda gari peke yake kwenda Luberizi kuiweka kadi ile. Saa nane mchana simu yake ililia hapa matangani, naye Dorine akaipokea mwenyewe.

“Picha ilichelewa?” aliuliza. Hakuuliza jambo lingine.

“Haikuchelewa, mama Vanessa,” Bernardine akajibu. “Docteur alikuwa bado anasema ‘simama’, mkono wa mkunga ukakuwa umeshasimama.”

Dorine aliweka simu kifuani, na ndipo akalia kwa mara ya kwanza.

Marehemu ameacha mama yake, Nyirabahizi, mjane wake, Dorine, watoto wake, Vanessa na Uwacu, ndugu wanne, mjomba wake, na Bernardine, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na mitano.

Jean-Berchmans, ulale kwa amani ya Bwana. Kazi yako imefika kwa wakati.