Karatasi ya Siku Saba

Habari hii aliisimulia kwanza Mama Birika, muuza kahawa, adhuhuri ya siku aliyomkabidhi bintiye birika, vikombe na ile kona. Miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu itokee, na Mzee Futi alipoulizwa hakukanusha hata neno moja. Kona yenyewe ni pale njia ya shule inapokutana na barabara ya lami. Benchi lilikuwa moja, la mbao, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Kulia palikuwa na kibanda cha kinyozi aliyeitwa Waziri, kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumshinda kujibu. Kushoto alikaa fundi baiskeli, Profesa, mwenye miwani ya kioo kimoja. Nyuma yao, barazani, ilikuwapo cherehani ya Mzee Futi, mshonaji wa sare za shule, ambaye futi ya kupimia ilikaa shingoni mwake kutwa nzima. Siku ya habari hii cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Saa nane mchana mzee alishuka barazani, akaketi na karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Mzee, hiyo ni barua ya posa au unafukuzwa barazani? Waziri aliuliza.

— Ya mjukuu wangu.

Mjukuu wake alikuwa na miaka tisa. Benchini walimwita Bi Mdogo, kwa sababu alisalimia kama mtu mzima na kukaa kama mwenye benchi.

— Imetoka kliniki, Mzee Futi alisema. Walimpa binti yangu aandike kila kinachoingia kinywani mwa mtoto, siku saba. Akaandika. Jana kairudisha. Muuguzi kaisoma, kamtazama mtoto, kamwambia, mama, kati ya karatasi hii na mzani wangu mmoja anadanganya, na mzani hauna mdomo. Kamrudishia karatasi, binti yangu kalia njia nzima.

Mama Birika aliacha kufuta vikombe.

— Kwani mtoto ana nini, baba?

— Unene. Na si ule wa kusifiwa. Kilo arobaini na saba. Presha imeanza kupanda, mtoto wa miaka tisa. Akilala anakoroma mpaka pumzi inakatika. Magoti yanamuuma. Na sukari ipo mlangoni, haijaingia, lakini imeshavua viatu.

— Pole, mzee.

— Jumatatu anarudi kliniki. Wanataka karatasi ya kweli. Binti yangu anasema kweli nyingine hana. Usiku anampa nusu ya alichokuwa anampa zamani, na mtoto hata hiyo haimalizi. Kaniambia, baba, waulize wenzako wa benchini, si ndio wanaojua kila kitu?

— Amefanya vizuri, Waziri alisema, akajipangusa nywele za wateja mabegani kama anayejiandaa kuhutubia. Hii ni damu, mzee. Tazama ukoo wenu.

— Mimi nina kilo hamsini na tano, na hapo nimeshika mkasi.

— Basi imekuruka. Damu huruka. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Nani nyoka?

— Ni methali, mzee. Methali haimlengi mtu.

Profesa alikuwa anatafuta tundu kwenye mpira wa ndani, ameuzamisha kwenye karai la maji. Hakuinua kichwa.

— Damu haihusiki, alisema. Na chakula hakihusiki. Nimejaza matairi miaka ishirini, sijaona tairi lililokula. Ni upepo. Watoto wa siku hizi wanakaa mbele ya televisheni saa tatu mfululizo, mdomo wazi. Upepo unaingia, hautoki.

— Hautoki? Mama Birika alisema. Inaonekana hujawahi kulea mtoto.

— Namaanisha hautoki wote.

— Mwacheni na pampu yake, Waziri alisema. Mimi nashika vichwa, najua. Ni nywele. Siku hizi watoto wa kike wanasukwa mpaka macho yanavutwa. Mtoto anataka kukua kwenda juu, juu kumekazwa. Afanyeje? Anakwenda pembeni.

— Na wavulana wanene, je? Mama Birika aliuliza. Hao hawasukwi.

— Wananyolewa kwa jirani. Hilo nalo lina matatizo yake.

— Mkoba, Profesa alisema. Nimeugundua sasa hivi. Madaftari kumi na moja mgongoni, kila siku ya Mungu. Ukikandamiza donge la unga linakuwaje? Linapanuka. Ndio wahenga wakasema, mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inaingiaje hapo? Waziri aliuliza.

— Aende pole. Akikimbia na mkoba ule atapanuka zaidi.

Mzee Futi alisikiliza, mikono yake ikiivuta futi shingoni, kushoto, kulia, kushoto. Alijua kitu ambacho hakuwa amekisema. Mshonaji wa sare huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa kiunoni, ili mtoto akikua nguo ipanuliwe badala ya kushonwa nyingine. Watoto wengine huletwa kupanuliwa mara moja kwa mwaka. Sketi ya Bi Mdogo alikuwa ameifungua mara tatu tangu muhula wa kwanza. Mtoto alikuja mwenyewe, akasema, babu, inanibana, naye akafungua mshono palepale, akapiga pasi, akaandika kipimo kipya kwenye daftari lake. Ishirini na sita. Ishirini na nane. Thelathini na nusu. Hakumwambia mtu. Aliona aibu mjukuu wa mshonaji avae nguo inayobana, na binti yake, kila asubuhi, alimwona mwanawe ndani ya sketi inayomkaa sawasawa.

Ndipo akatokea mgeni. Alikuwa msoma mita za maji, mpya mtaani, kalamu sikioni, tope hadi vifundoni.

— Karibu, Waziri alimwambia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake unatununulia kahawa wote.

— Methali hiyo kwetu haina maana hiyo, mgeni alisema, akaketi, akaagiza kikombe chake kimoja.

Wakamweleza kesi, kila mtu na nadharia yake, kwa pamoja. Profesa alikuwa ameshafika kwenye minara ya simu. Mgeni akaomba karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikishuka polepole, asubuhi, mchana, jioni, siku ya kwanza mpaka ya saba.

— Huyu mama kaandika vizuri, alisema. Mpaka punje za chumvi.

— Binti yangu hadanganyi.

— Naona. Mimi mambo ya hospitali siyajui, mzee. Najua maji. Nikikuta mita ya barabarani inasoma kumi na ya ndani inasoma nne, simgombezi mwenye nyumba. Natembea katikati.

— Katikati ya wapi?

— Mtoto anatoka shule saa ngapi?

— Saa tisa.

— Shule ndiyo ile, bati jekundu? Na nyumbani?

— Lile geti la bluu.

Mgeni alitazama bati, akatazama geti.

— Dakika kumi, kwa mtoto asiye na haraka. Anafika kwao saa ngapi?

— Saa kumi na nusu, Mzee Futi alisema. Saa kumi na moja, siku nyingine.

— Sasa muda wote huo anakaa wapi, na anakula nini?

Waziri, ambaye swali halikuwahi kumshinda, aliangalia ndani ya kikombe chake. Kwenye karai, mpira wa Profesa ulikuwa unatoa viputo na yeye havioni. Mgeni alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha alimaliza kahawa, akashukuru, akaenda kufunua mfuniko wa mita ya nyumba ya pili.

— Soda, Waziri alisema hatimaye, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. Moja. Akipata alama nzuri.

— Na akipata mbaya? Mama Birika aliuliza.

— Ya kumfariji.

— Biskuti, Profesa alisema. Pakiti ndogo. Ananishikia pampu, nimwache hivihivi? Halafu nampakia kwenye baiskeli, nampeleka mpaka getini.

— Dakika kumi tu, unampakia? Mzee Futi aliuliza.

— Anasema magoti yanamuuma.

Mama Birika alikuwa ameshika kijiko cha sukari, kile kikubwa.

— Mimi maziwa, alisema. Kikombe kimoja. Vijiko vinne, anapenda. Katoka shule, ana njaa, mtoto wa watu. Nilidhani ni mimi peke yangu.

— Hata mimi, Profesa alisema.

— Kila mmoja wenu anampa nyuma ya mgongo wa mwenzake? Mzee Futi aliuliza.

— Sasa nimpe mtoto soda mbele ya watu, niambiwe namdekeza? Waziri alisema. Tena wewe mzee mbona hujasema lako?

Mzee Futi aliinuka, akapanda barazani, akarudi na daftari la vipimo. Akalifungua kwenye ukurasa wa mjukuu wake, akaliweka magotini mwa Waziri.

— Mimi sikumpa chakula, alisema. Nilimpa nafasi. Mara tatu. Ningeacha sketi imbane mwezi mmoja tu, mama yake angeshtuka mapema.

Waziri alisoma zile tarakimu, akampa Profesa, Profesa akampa Mama Birika. Mzee Futi akachukua kalamu ya chaki aliyozoea kuchoria vitambaa, akaona haitaandika, akaomba ya wino. Kati ya mstari wa mchana na wa jioni akachora mstari mwingine, akaandika: soda, kinyozi. Biskuti na baiskeli, fundi. Maziwa, vijiko vinne, muuza kahawa. Akasita, kisha akaandika chini kabisa: sketi, babu.

Kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Bi Mdogo alikuja na mkoba wake, uso unang'aa jasho, akapumua mara mbili tatu kabla ya kusema.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaketi mahali pake. Akamtazama Waziri. Waziri alikuwa anafuta kioo kilichokuwa safi. Akamtazama Profesa, kisha Mama Birika, ambaye alikuwa amempa mgongo.

— Leo vipi? aliuliza.



— Leo unanisindikiza mimi, Mzee Futi alisema, akaubeba mkoba. Kwa miguu.

— Na Profesa?

— Profesa anakuja nyuma, anasukuma.

— Baiskeli imeharibika?

— Nzima kabisa, Profesa alisema. Ni mimi mwenyewe nataka kunyoosha miguu.

Walipumzika mara mbili njiani, mara ya kwanza kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza, mara ya pili penye mfuniko wa mita. Getini, binti alipokea karatasi, akaisoma yote mpaka mstari wa mwisho. "Baba," alisema. Akaikunja mara nne kama ilivyokuwa, akaingia ndani kumtolea mzee kiti.

Jumatatu muuguzi aliisoma akacheka, kisha akamwomba radhi mama. Kiuno cha mtoto hakikupungua mwaka ule. Kilisimama tu, kikangoja urefu ukifuate, kama muuguzi alivyosema kingefanya. Saa tisa zake alizihamishia uwanjani, kucheza mpira, na pale benchini akawa anapewa maji.

Waziri ametangulia mbele ya haki. Profesa yupo hai, na bado anailaumu minara. Mama Birika yupo kwa bintiye, hatumii tena sukari, ila hataki kulizungumza. Msoma mita hajulikani alipo. Ziliposimikwa mita zinazojisoma zenyewe hakuonekana tena. Mzee Futi yupo hai, macho yamechoka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Anayemtungia ni Bi Mdogo, ambaye hupita pale jioni, kwa miguu, akitoka kazini.