Mipango Anatafuta Mbwa wa Kizungu

Kijiwe chetu pale Bombambili kilikuwa benchi moja refu lililoegemea kibanda cha kinyozi, na mbele yake jiko la mkaa la Iddi muuza kahawa. Msimu wa manyunyu ukungu ulishuka mchana kutoka milima ya Matogoro, ukatanda juu ya mabati, na hata baiskeli ikipita barabarani ilisikika kama iko mbali. Hali ya hewa ikiwa hivyo watu huongea polepole na uongo huwa mtamu zaidi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Madukani zilikuwa zimeingia sabuni za rangi na redio za kaseti, mitaani wameingia watu tusiowajua, na kila mwenye uzio alitaka mbwa. Siku hiyo akaja Hironimus, ambaye tulimwita Mipango kwa kuwa alifanya kazi ofisi ya mipango, na hata akienda kununua nyanya alikwenda na mpango. Alikaa bila kusalimia. Tukajua mbwa wake mgonjwa amekufa.

— Lini? — Iddi aliuliza, akimmiminia kahawa.

— Leo alfajiri. Ameharisha damu tangu jana. Nimemzika nyuma ya migomba.

— Pole, kaka. Mimi mbwa simgusi, unaijua dini yangu, lakini naye ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu. Kunywa kwanza.

Yule mtoto wa mbwa alimnunua stendi kwa mtu wa lori, akamtoa ndani ya boksi la sabuni. Alikuwa na tumbo kama ngoma na tongotongo macho yote mawili. Mwenye lori alimwapia kwamba huyo ni Mjerumani halisi, na lori likaondoka.

Sababu ya kutafuta mbwa tuliijua wote. Wezi waliingia nyumbani kwake mchana kweupe, wakamkuta mkewe Violeth peke yake. Walimfungia stoo, wakabeba redio, mashuka, na hata sufuria ya maharage iliyokuwa motoni. Hawakumgusa mwilini. Ila baada ya hapo hakuweza tena kushinda ndani ya nyumba ile. Akafunga kikapu chake, akapanda gari la Peramiho kwenda kwa dada yake. Alisema atarudi siku nyumba itakapokuwa nyumba. Mipango alilifikiria neno hilo wiki nzima, akaamua maana yake ni mbwa.

— Kosa lako, — alianza Makarius, ambaye tulimwita Redio kwa sababu habari zote alizipata yeye kwanza, za kweli na za kutunga, — hukumfungua mdomo. Mbwa wa Kizungu wa kweli, kaakaa la kinywa chake ni jeusi tii, kama ndani ya chungu.

— Acha hizo! — Polycarp kinyozi alitoa kichwa dirishani, wembe mkononi. Jina lake la kijiweni lilikuwa Wembe. — Unamnyanyua kwa ngozi ya shingo, hivi. Akilia, mrudishe. Akinyamaza, huyo askari.

— Na akiniuma? — Mipango aliuliza.

— Akikuuma ndiyo lipa haraka, kabla mwenyewe hajajua ana mali gani.

— Mnaongea juu juu, — Redio alisema. — Mimi nimewahi kumwona Mjerumani halisi. Ukimwambia "kaa", anakutazama tu. Watu wanadhani ana dharau. Hana dharau! Anatafsiri kwanza kichwani.

Wembe akaacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nje kabisa.

— Kule Namtumbo kulikuwa na mbwa analinda bani la kukaushia tumbaku, — alisema. — Huyo hakungoja mwizi afike. Mwizi yuko kwao bado, anakula ugali wake, wazo ndiyo kwanza linamjia, mbwa ameshaanza kunguruma.

— Anamngurumia nani?

— Wazo.

— Wallahi hilo naliamini, — Iddi alisema kwa sauti ya chini. — Tunduru palikuwa na mfanyabiashara mwenye mbwa asiyebweka Ijumaa. Watu wakiwa msikitini, kimya. Wakishatoka ndiyo anaanza, tena kwa mpangilio, kama anahesabu waliokosa swala.

Mimi nilicheka. Kisha nikaacha, maana wenzangu kila mmoja alikuwa anatazama mvuke wa kikombe chake. Nadhani kila mtu alikuwa anamwona wake. Wangu alikuwa wa rangi ya kahawia, amelala kwenye baraza ya nyumba ambayo sikuwa nimeijenga bado.

— Mimi wangu namwona hivi, — Mipango alisema. — Amekaa mlangoni, masikio yamesimama. Violeth anashuka kwenye gari, anasukuma geti, anamwona, anaingia ndani. Basi. Hakuna kingine.

Mteja wa Wembe akaita kutoka ndani kwamba nusu ya kichwa chake inapata baridi.

Mimi ndiye niliyemtajia Mama Kunegunda wa Matogoro. Nilifundisha shule moja na mwanawe. Alikuwa anafuga mbwa wakubwa wa Kijerumani, na hakuwahi kuonekana stendi wala sokoni na mtoto wa mbwa mkononi. Ukitaka, unamfuata.

Mipango alimfuata. Siku ya pili yake alirudi kijiweni na matope hadi magotini, mikono mitupu.

— Hakuna watoto? — Redio aliuliza.

— Wapo, wengi. Amekataa kunipa.

— Amekataa vipi? Si anauza?

— Kwanza hakunionyesha watoto. Amenionyesha mama yao. Akasema, mtazame huyu vizuri, maana tabia ya mtoto utaiona hapa. Jike kubwa hilo. Limekuja, likaninusa viatu, likakaa karibu na mguu wangu kama tunafahamiana. Halijabweka hata mara moja.

— Basi goigoi hilo, — Wembe alisema.

— Sikiliza. Banda kavu, limefagiliwa, halinuki. Akachukua mtoto mmoja akanifundisha. Macho yawe safi, yasiwe na maji. Masikio unayanusa ndani. Tumbo lisivimbe, maana likivimba ni minyoo. Unamweka chini umwone anatembea, na unaangalia kama anakuja kwa mtu au anajificha kwenye kona. Nikasema basi nipe huyu. Akasema bado ananyonya, na hajachanjwa. Bwana mifugo akishamchanja ndiyo tutaongea.

— Na kinywa? — Redio aliuliza. — Hukuuliza habari ya kinywa?

— Niliuliza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Redio akanywa kahawa yake.

— Akaniuliza yule wa kwanza alikufaje, — Mipango aliendelea. — Nilipomweleza, hakucheka tena. Alisema ugonjwa ule unabaki kwenye udongo, nisithubutu kuleta mtoto mwingine pale bila chanjo kukamilika. Halafu akasema, kabla ya kunipa mbwa atakuja kwangu kuangalia atakapokaa.

— Muuzaji anakuja kumkagua mnunuzi? — Wembe aliuliza. — Huyo mama anauza mbwa au anaoza binti?

— Na siku mbwa akinishinda, amesema nimrudishe kwake. Nisimpe mtu mwingine.

Iddi akatikisa kichwa taratibu.

— Huyo anawapenda, — alisema.

Wiki zilizofuata Mipango alikuwa mtu wa kazi. Alijenga banda la mbao, akalipaka chokaa, akaziba matundu ya uzio, akachimba udongo wa pale mbwa wa kwanza alipolala na kuutupa mbali. Alifanya hayo asubuhi kabla ya kazi. Jioni akitoka ofisini alikuja moja kwa moja kijiweni, kama ilivyokuwa desturi yake hata Violeth alipokuwepo, na sasa tena nyumba tupu humkimbiza mtu. Tulikaa naye tukipanga. Tulipanga jina la mbwa. Tulipanga chakula chake, ugali na dagaa wa Nyasa, na Redio akataka aongezewe yai. Ukungu ulishuka, mkaa wa Iddi ukawa mwekundu ndani yake, na mbwa tuliyemzungumzia akakua kila jioni, mpaka akawa mkubwa kuliko banda.

Alasiri moja mwanamke mnene mwenye koti la mvua alikuja akishuka barabarani, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kulikuwa na kichwa cheusi chenye masikio yaliyolala.

— Shikamoo, Mama Kunegunda! — Mipango aliruka kutoka kwenye benchi.

— Marahaba, baba. Natoka kwako.

— Umeliona banda?

— Nimeliona. Zuri sana. Na uzio nimeuzunguka, mzuri. Nimegonga mlango, nimekaa barazani, nimegonga tena. Jirani ndiye aliyenielekeza huku. Anasema kila siku upo huku.

— Ndiyo, mama. Hawa ndugu zangu wananisaidia mawazo.

Tukamwamkia wote. Wembe akafuta benchi kwa taulo lake la kunyolea, lakini mama yule hakukaa. Alitutazama mmoja mmoja, bila hasira.

— Basi na mimi nisaidieni wazo, — alisema. — Huyu bado mtoto. Akilia mchana mle ndani, nani atamsikia?

Wembe akautazama wembe wake. Iddi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni na hakikutoka kitu, kahawa ilikuwa imekwisha, na wala hakuona.

Mipango alikuwa ameingiza mkono kikapuni. Yule mtoto akamlamba kidole gumba.

— Violeth naye alilia mchana, mle stoo, — alisema.

Hakuwa anamwambia mtu. Alikuwa kama anaisikia sauti yenyewe, imechelewa njiani, imefika leo.

Mama Kunegunda akafunika kikapu kwa kanga.

— Nitakutunzia, — alisema. — Sitampa mtu mwingine. Wewe nenda kaweke nyumba yako sawa.

Kesho yake Mipango alipanda gari la kwanza la Peramiho, bila mpango wowote. Alinisimulia baadaye kwamba alimkuta Violeth anaanua nguo, akasimama upande wa pili wa kamba. Alikuwa amejiandaa kumweleza habari za banda na chanjo. Badala yake akamwambia kwamba akitoka kazini atakuwa anakuja nyumbani. Violeth aliendelea kukunja mashuka. Akamwuliza kama ni kweli. Akamwambia ni kweli. Akamwuliza tena, na safari hii alikuwa analia.

Violeth hakurudi siku hiyo. Alisema kwanza anataka kwenda Matogoro, aone mwenyewe. Walikwenda Jumamosi. Alikaa chini kwenye majani karibu na lile jike kubwa, muda mrefu, mkono shingoni mwake, Hironimus na Mama Kunegunda wakingoja mlangoni. Alipoinuka alimwacha yule dume wa kikapuni waliyewekewa, akachagua jike dogo lililokuwa limemfuata miguuni. Mama Kunegunda akakubali.

Kijiweni tulibishana sana juu ya uamuzi huo, Redio akisema jike halilindi. Mipango hakuwepo kujibu. Siku hizo alipita tu Jumapili baada ya misa, akanywa kikombe kimoja amesimama.

Alasiri moja ya ukungu nilipita kwao. Violeth alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo, Hironimus kando yake anamenya mihogo vibaya, na yule mbwa amelala katikati yao.

— Karibu, shemeji! — Violeth aliita.

— Asante, napita tu.

Upepo ukaja kutoka mlimani ukaubamiza mlango wa nyuma. Violeth alishtuka, mchele ukamwagika. Mbwa akainua kichwa, sikio moja limesimama, la pili bado limelala.

— Ni upepo, — Hironimus alisema.

Violeth akasikiliza kidogo, kisha akaanza kuokota mchele, na Hironimus akaacha kisu akamsaidia.