Bi Taratibu Aacha Kungoja

Tarehe thelathini mwezi huu Bi Taratibu anastaafu, baada ya kuipigia shule yetu ya muziki piano kwa miaka thelathini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwasindikiza waimbaji. Humpa mwanafunzi sauti ya kuanzia, humngoja avute pumzi, na akipotea njia humfuata hukohuko na kumrudisha polepole, wasikilizaji wasijue lolote. Jina la Taratibu alipewa na wanafunzi, nalo limemkaa hata mlinzi wa getini hajui jingine.

Wengi waliopata stashahada ya juu ya muziki hapa walibebwa na vidole vyake siku ya mtihani. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Aliitamani tangu ujana, ila kila msimu wa mitihani alikuwa anawapigia wengine; mganga hajigangi. Miaka michache iliyopita akaapa kwamba hastaafu bila stashahada yake, na tuliomzoea tulijua hatanii.

Mtihani wa nadharia aliufaulu kwa mkupuo mmoja. Aliyekuwa akimhoji ni mumewe, fundi cherehani, tena bila kusimamisha kazi, hadi wateja wakazoea kupimwa kiuno huku wakisikiliza kanuni za kupanga sauti nne. Inasemekana mmoja wao sasa anaimba besi kwenye kwaya na hajutii.

Kasheshe ilikuwa kupiga peke yake mbele ya mtahini. Mara ya kwanza alipiga utangulizi vizuri kabisa, kisha akasimama, akageuza uso ubavuni mwa piano pasipo na mtu, akangoja mwimbaji avute pumzi. Mtahini akadhani amesahau. Bi Taratibu akaanguka mtihani. Mara ya pili hakusimama, ila alipiga chinichini, kama mtu anayempisha mkubwa mlangoni, hata mtahini akalazimika kusogeza kiti karibu ili asikie. Akaanguka tena. Alirudi ofisini akijicheka mwenyewe, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa. Tuliumia naye.

Mwaka huu ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho, maana shule huwaandikisha watumishi walio kazini tu. Asubuhi ya mtihani mumewe alimleta hadi mlango wa chumba, akamtoa uzi uliokuwa begani, akamwambia, "Mama watoto, umewafikisha wengi. Leo nenda peke yako."

Sisi tulibaki kwenye korido tukijifanya tuna shughuli. Mfagizi alifagia kipande kilekile cha sakafu mpaka kikang'aa. Mwalimu wa uimbaji alisoma gazeti lililopinduka kichwa chini. Muziki ulipokaribia pale alipozoea kungoja, sote tulibana pumzi. Bi Taratibu hakungoja. Aliingia na vidole vyote kumi, vioo vya madirisha vikatetema, na mlinzi akaja mbio kuuliza nani anahamisha kabati.

Alifaulu kwa alama za juu. Majibu yalipokuja alilia, akacheka, akalia tena, nasi hatukubaki nyuma. Juma lililofuata waimbaji wa mwaka wa kwanza walikwenda kumlalamikia mkuu wa shule kwamba siku hizi piano inawaacha njiani. Mkuu aliwashauri wakaze mwendo.

Bi Taratibu, ahsante kwa subira yako, na kwa kila aibu uliyotufichia jukwaani. Tunakuombea afya njema, wajukuu wenye masikio mazuri, na majirani wasiochoka kusikia. Baada ya hotuba utatupigia piano peke yako. Hakuna atakayeimba, hata mwalimu wa uimbaji ameahidi, ingawa kwa shingo upande. Tumekuwa nawe chumba kimoja miaka yote hii tukimsikiliza mtu mwingine, na leo tunakaa kimya kukusikiliza wewe.