Kurasa Arobaini za Mkunga

Sogeeni, wanangu, mwenye kiti akae, asiye na kiti akalie ile miswada, imewalisha miaka yote, haitashindwa kuwabeba asubuhi moja. Na wewe binti yangu, toa mkono kwenye paji la uso wangu, homa naijua, ungeweza kukaanga yai hapa na likaungua. Leo nasema mimi nanyi mnasikiliza mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kwenda tu, ya kurudi haimo.

Mnanijua. Darasa la sita nililimaliza, la saba nililiona kupitia dirishani, na bado katika mji huu hakuna mwandishi aliyetoa kitabu bila kwanza kuja kutetemeka mbele ya meza hii ninayoiona kutoka kitandani. Riwaya ya kurasa mia tisa niliipunguza mpaka ikaingia mfuko wa shati, mwenyewe akapona vidonda vya tumbo. Mshairi mmoja alilia hapa mpaka fundi viatu wa jirani akainua kigoda chake, maji yasimfikie. Wachapishaji wadogo niliwaambia wachapishe nakala ngapi na jalada liwe na rangi gani, na vile vikundi vya maktaba za mtaani niliviandikia barua za kuomba ufadhili zenye huzuni, mpaka wafadhili wakaomba na wao wafarijiwe. Mkuu wa chama cha waandishi aliniita Profesa wa Darasa la Sita mbele ya watu, na nikaacha kumsalimia miaka tisa. Mwambieni nimemsamehe. Mwambieni pia kitabu chake cha pili bado ni kirefu.

Sasa siri, na mficha maradhi kifo humuumbua, kama mnavyoona. Mlidhani nasoma peke yangu, kila mtu alidhani hivyo, nami nikawaacha wadhani. Kusoma kwangu ni kwa kidole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Aliyekuwa na sikio ni mama yenu. Kila jioni baada ya kazi nilimsomea kwa sauti yeye akifuma sweta, na mikono yake ikisimama, nikiona kichwa kimeinama, napiga mstari kwa kalamu nyekundu: hapa pamelala, hapa pakatwe. Ndio ushauri wote huo, wanangu, hakuna mwingine. Mtu alilipa nauli kutoka mji wa mbali kuja kupokea usingizi wa mama yenu, na hakujuta, kwa sababu mama yenu hakuwahi kukosea.

Mara moja tu.

Mnamkumbuka yule mkunga mstaafu, anayekaa ghorofani juu ya dobi, yule mama mfupi anayetembea kama amechelewa kuzalisha. Miaka sita iliyopita alileta mswada wake, maisha yake ya wodini, umeandikwa kwa mkono kwenye madaftari ya hospitali. Nikamsomea mama yenu. Tulipofika katikati, kwenye wale wanawake waliomfia mikononi, mama yenu akalala. Kesho yake nikarudia palepale, akalala. Siku ya tatu sindano ikamwanguka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Nikapiga mstari mwekundu, kurasa arobaini.

Mkunga aliziangalia, akaniuliza taratibu, "Baba, hizi ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Zina nini?"

Nikajibu kwa ile sauti yangu ya ofisini mnayoiiga mkidhani sisikii, "Bibi, msomaji atalala."

Akazichomoa mwenyewe, moja moja, akazipanga sawa, akasema, "Basi kaa nazo. Sikujua kama wanachosha." Akatoka. Hakunibishia. Laiti angenibishia!

Miezi miwili baadaye daktari akatuambia mama yenu hana damu, kwamba ugonjwa ulikuwa unamnywa tangu zamani, na mkakumbuka nyinyi wenyewe alivyokuwa akisinzia amesimama jikoni na mwiko mkononi. Siku hiyohiyo, palepale kwenye benchi la hospitali, nilijua. Kurasa hazikumlaza mama yenu. Alikuwa anakufa, mimi namhesabia makosa ya mtu mwingine.

Nilinyamaza. Nilisema nitakwenda kesho, kesho ikazaa kesho, tukamzika mama yenu, na kitabu kikatoka chembamba, watu wakakisifu sifa za kumridhisha mgeni. Baada ya msiba nilizisoma zile kurasa peke yangu kwa kidole, siku kumi na moja. Kuna mwanamke humo, damu inamtoka, anaomba kitana, anasema hawezi kukutana na mtoto wake kichwa kikiwa kama kiota. Mkunga akamchana nywele. Akamchana mpaka mwisho, na alipomaliza hakukuwa na wa kumwonyesha kioo. Wanangu, nimesoma miswada mingi kuliko nywele za wanaume wote wa mtaa huu, wenye vipara mkiwaacha, na sijawahi kukutana na ukurasa kama ule. Nikazifungia zote kabatini. Kwa nini? Kwa sababu ya jina. Mlango ule una kibao, na kibao kina jina langu.

Jana alikuja Gundi, mchapishaji wetu, bado anabandika vitabu kwa mikono kwenye kile chumba kilichokuwa bucha. Anakichapa tena kitabu cha mkunga, kesho asubuhi kinaingia mtamboni, vilevile chembamba. Akaniletea salamu: mkunga anawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyekiokoa kitabu chake. Ananiombea. Nikageukia ukuta, Gundi akadhani ni maumivu.

Hapana, binti yangu, ngoja. Najua unachotaka kusema, ofisi nakuachia wewe, na wateja wakisikia watacheka, watasema tulikuwa tunalipia mwanamke asinzie. Wacheke. Kibao kishushe uweke chako. Na wewe kitinda mimba wangu unaninong'oneza tumpe Gundi kurasa azichomeke kimyakimya, mzee afe na heshima yake. Una akili, akili ya mwizi. Kurasa zitarudi kitabuni, sawa, lakini yule mama miaka sita anaamini wafu wake wanachosha watu. Hilo nani atamtoa? Hajaandika tena hata barua. Ninyi radhi yangu mnayo, meza ni ya dada, redio na kabati ni vya mdogo wake, msigombane juu ya vitu vyenye mchwa. Lakini hili lisipofanyika leo, radhi yenyewe nitaivuta nyuma nikiwa kaburini, na mnajua nina mikono mirefu.

Binti, kabatini, rafu ya chini, bahasha ya kaki. Hiyo. Pitia kwanza kwa Gundi, mwambie asimamishe kazi, kisha panda kwa dobi. Mwambie mama yule: kurasa zako zilikuwa nzima, aliyelala alikuwa mgonjwa, na mzee alijua akanyamaza. Basi. Usiongeze chumvi, mimi nimetia chumvi maisha yangu yote, hili liache lilivyo. Hebu sema nisikie.

...Tena. "Akanyamaza," usiliruke hilo.

Ndiyo. Hivyo.

Niinueni kidogo... nimechoka, wanangu, nimechoka uchovu wa... wa kubeba karatasi. Mungu awape riziki isiyomwibia mtu sauti. Awape masikio ya mama yenu, na mdomo wangu... awape nusu tu. Mpendane. Mkikosa, semeni mapema, wakati miguu bado ina nguvu ya kupanda ngazi za mtu.

Nenda, mama. Nenda.

Na huo mlango... msiufunge. Akitaka kuja kunitukana... asihangaike kubisha hodi.