Maji Baridi Baada ya Meno Kuzibwa

Mgeni rasmi, Daktari Feruza, wenzako uliofuatana nao, na majirani mliojaa uani humu,

MAKARIBISHO
Sisi wadarizi tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Mkate umetoka tanuruni sasa hivi, chai ipo.

TULIKOTOKA
Wengi wetu hukata uzi kwa meno. Mkasi upo, lakini mkono ukishashika sindano, meno ndiyo yaliyo karibu. Mwaka juzi, theluji ilipoyeyuka, ulikuja na wenzako, mkatukuta meno ya mbele yamelika. Mkayaziba kwa dawa nyeupe inayogandia jino na kufanana nalo. Jioni mkaondoka.

MAFANIKIO
Dawa imeshika. Imebanduka kwa wachache tu, wale wasiokoma kung'ata uzi. Sasa tunacheka bila kujiziba mdomo.

CHANGAMOTO
Mlipoondoka, maji baridi yalianza kutuchoma. Hata upepo ukipita, jino linashtuka. Labda mlitueleza, nasi tumeachama midomo tusisikie.

Aliyeumia zaidi ni mwenzetu Hosiyat. Chai aliinywea upande mmoja, tena ikishapoa.

"Jamani, na ninyi yanawauma, au ni mimi tu?" alituuliza.

"Yanauma, shoga. Vumilia."

"Nivumilie mpaka lini?"

Mumewe, kwa kumhurumia, akamwambia, "Mama watoto, twende kwa mng'oaji meno sokoni, upumzike."

Mng'oaji alimwuliza kama ana hakika. Hosiyat akasema, "Ng'oa."

Juma lililofuata tulikuwa chemchemini tukichota maji. Mmoja wetu akanywa, akanywa tena. "Hayachomi," akasema. Tukajaribu sote, na kweli, maumivu yalikuwa yamekwisha. Hosiyat alijaza ndoo yake, akatangulia nyumbani.

OMBI
Mgeni rasmi, mtakaporudi kutibu mabinti zetu, tunaomba mmoja wenu abaki nyuma wiki chache, au mtuachie simu itakayopokewa, ili mtu akiuliza "mpaka lini" ajibiwe.

Pazia la darizi tunalokukabidhi leo, maua yake mekundu ni kazi ya mkono wa Hosiyat. Amekaa pale mstari wa mbele. Ametuomba tusikuulize kama jino lake nalo lingetulia.

Hatuulizi.

Mungu akujalie afya, akufikishe kwako salama, na akurudishe kwetu.

Ni sisi,
Wanawake Wadarizi wa Mtaa wa Chemchemi, Nurota
Imesomwa na Zumrad kwa niaba ya wote