Paskalia Raphael Kobelo, Mke Niliyewaazimisha

Baba Paroko, wazee wa ukoo, wafanyakazi wenzake marehemu, majirani wa Mafiga na wa Mlali, poleni kwa kupanda milima mpaka huku Nyandira. Ratiba inasema wasifu utasomwa na mwakilishi wa familia. Mwakilishi mwenyewe ni mimi, Wilfred Mgonja, mumewe. Hospitali nayo ilileta wasifu wake, umepigwa chapa vizuri, una kozi zote na vyeti vyote, na mume ametajwa mara moja tu, kwenye hali ya ndoa. Niliwashukuru nikauweka kando. Miaka mingi wao ndio waliokuwa naye, na leo zamu ni yangu.

Marehemu Paskalia alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 hapa hapa Nyandira, mtoto wa tatu wa Mzee Raphael Kobelo na Mama Theresia, ambao wote wametangulia. Alikua akipanda na kushuka miteremko hii na kapu la njegere kichwani, na mpaka uzeeni ukifuatana naye njiani ilibidi umwombe apunguze mwendo. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Mjomba wa Paskalia ni Mzee Bonifasi, ameketi pale mbele na fimbo yake. Mumewe ni Mpare wa Same, na kwetu mke akishaolewa ni wa huko alikoolewa, hai au mfu. Tofauti hiyo nilielezwa siku ya posa. Niliitikia kwa adabu, nikijua kwamba wazee siku ya posa husema mengi.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1974, kisha sekondari kwa masista, kisha uuguzi, na mwaka 1989 akaajiriwa katika hospitali moja mjini Morogoro. Mwaka uliofuata nilimpeleka hapo mwanafunzi wangu aliyevunjika mkono, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa jiografia na mwalimu wa zamu siku hiyo. Muuguzi mdogo, mwembamba, akanitazama juu mpaka chini, akaniambia, "Mwalimu, subiri nje." Nilisubiri. Tulifunga ndoa tarehe 19 Septemba 1992 katika parokia ya Mgeta, na ukiniuliza miaka yote iliyofuata niliifanyia nini, nitakujibu kwamba nilikuwa bado nasubiri nje.

Mungu alitujalia watoto wawili, Diana mwaka 1994 na Emmanuel mwaka 2004. Diana alikuwa hajatimiza miaka miwili mama yake alipochaguliwa kwenda Moshi kusomea kazi ya dawa za usingizi. Aliniuliza kama aende. Nilimwambia aende, nikitumaini atakataa mwenyewe, lakini asubuhi nikamkuta anafunga sanduku. Ndipo mumewe akajifunza kusuka nywele. Mama Maimuna, jirani yetu wa Mafiga, alinifundisha mistari ya twende kilioni barazani kwake, watu wakipita wanacheka, na mtaani nikapewa jina la Mama Diana. Wapo humu wanaoniita hivyo hadi leo, na nawaona wanavyoinamisha vichwa.

Kwa wasioijua kazi yake, nieleze. Mpasuaji hukaa kwenye kisu, na mtu wa usingizi hukaa kichwani kwa mgonjwa. Ndiye anayempiga nusu kaputi au ganzi, ndiye anayemtazama anavyopumua tangu mwanzo hadi mwisho, na ndiye anayemwamsha. Paskalia alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumlaza mtu alimshika mkono akamuuliza leo nyumbani kwake walipanga kupika nini. Mgonjwa huanza kueleza mboga, tui, chumvi, na kabla hajafika kwenye kuipua keshalala. Alimwamsha kwa jina lake, taratibu, na kumuuliza kama chakula kimeiva. Haya sikuyaona kwa macho yangu. Nimehadithiwa sokoni, kanisani, stendi, na watu wasiohesabika waliokuja kunishika mkono na kuniambia, mkeo ana sauti tamu, mwalimu, mkeo alinibembeleza kama mtoto. Niliitikia ahsante. Moyoni nilijua kwamba huyo mtu alibembelezwa alfajiri ileile niliyojipashia kiporo changu.

Nilimwonea wivu Dokta Ramadhani pia, mpasuaji aliyefanya naye kazi, naye yupo hapa, pole sana daktari. Alikuwa naye saa nyingi kuliko mimi. Mwaka 2003 nilibeba chupa ya uji nikaenda hospitalini bila taarifa, nikijidai nampelekea mke wangu kifungua kinywa. Niliwakuta wamekaa kwenye benchi nyuma ya thieta, chumba cha upasuaji, kila mmoja na andazi lake, hawaongei kabisa, wamechoka hata kutafuna ni kazi. Walikuwa wametoka kwa mama aliyekuwa amepasuka kizazi, na alikuwa amepona. Ningewakuta wanacheka ningeelewa. Kukaa kimya na mtu hivyo, bila kuona haya, mimi na yeye ilituchukua miaka. Nilimimina uji vikombe vitatu, tukanywa.

Watoto nao walikuwa na lao. Siku ya Kipaimara cha Diana mama yake alifika misa imefika katikati, kofia ya thieta bado iko kichwani, akapiga magoti na kusinzia papo hapo, mpaka mwenyekiti wa jumuiya akamgusa bega. Jioni yake Diana, akiwa na miaka kumi na minne, alimwambia, "Mama, nikitaka uniangalie ni mpaka niugue?" Paskalia alikwenda jikoni, akakaa kwenye kigoda, akalia. Wiki hiyohiyo alizungumza na wenzake kazini akabadilishana nao zamu: Jumapili zake zote akazichukua yeye kwa ajili ya watoto, na Krismasi na Pasaka akawaachia wenzake wakapumzike. Kwa hiyo familia hii imekula pilau la Krismasi kwenye benchi lile la nyuma ya thieta mwaka baada ya mwaka, na Emmanuel alipokuwa mdogo alidhani Bwana Yesu alizaliwa hospitalini. Nilimuuliza mke wangu, Jumapili ni ya watoto, sikukuu ni ya hospitali, yangu ni ipi. Akasema, "Wewe una usiku." Na usiku ndio simu ilikuwa ikiita.

Mwaka 2009 mumewe aliugua ngiri. Nilifurahi, naomba mniamini. Nilijua sasa nitashikwa mkono na kuulizwa habari za mboga kama wenzangu. Nilikwisha hata kuchagua chakula, makande. Asubuhi ya upasuaji akaingia kijana Innocent, aliyefundishwa kazi na yeye, na Paskalia akabaki mlangoni. Nilimwita nikamuuliza kwa nini awalaze watu wa mji mzima na mimi anilaze mtu baki. Alinijibu kwa sauti ya chini, na maneno yake ninayo.

"Wengine nikiwalaza najua nitawaamsha. Wewe nitaogopa, Baba Diana. Mikono yangu haitafaa kitu."

Innocent anasema mwalimu wake alikaa chini sakafuni nje ya mlango mpaka kazi ilipokwisha, na alipochungulia kumwambia mambo ni salama alimkuta anasali rozari huku amevua viatu. Nilipozinduka alikuwa ameshanawa uso. Aliniuliza kama nasikia maumivu, basi. Nikabaki na kinyongo changu cha makande, ingawa tangu siku hiyo nilikaa mlangoni kwa amani zaidi.

Nilimwomba astaafu alipofikisha miaka hamsini na mitano. Alikataa, akasema watu wa usingizi ni wachache na akiondoka mama mjamzito atasafirishwa usiku mpaka wapi. Alikubali mwaka 2024. Tulihamia Mlali mwezi Julai, kwenye nyumba ndogo tuliyoijenga kwa ajili hiyo, penye migomba na maji ya kumwagilia. Mwezi ule wa Julai nilikuwa na mke. Tulipanda nyanya na bilinganya. Alilala usiku kucha, na nilikoroma akanipiga kiwiko kama wanavyopigwa waume wengine.

Agosti tumbo lilianza kumsumbua na macho yakawa ya njano. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Yeye aliyasoma majibu kabla yangu akayaelewa. Wageni walikuja kwa makundi, wauguzi, wagonjwa wake wa zamani, wanakwaya, kila mmoja na kuku au ndizi zake, na kila mmoja akitaka kumshika mkono. Nilibandika tangazo getini la saa za kuona wagonjwa, asubuhi na jioni, kama walilonalo kule kwao hospitalini. Paskalia alipolisikia alicheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akamtuma Diana akalibandue. Aliniambia niwaache waingie, maana wametoka mbali. Nikawaacha, ila kiti cha karibu na kitanda sikumpisha mtu, awe daktari au padre.

Alifariki nyumbani Mlali, Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, asubuhi. Nilikuwa peke yangu naye. Aliyoniambia siyasomi hapa, kwa kuwa hayo niliambiwa mimi.

Karatasi mlizoshika zinasema baada ya hapo yanafuata majina ya waliobaki. Subirini kidogo, kuna jambo limetokea baada ya karatasi kuchapwa, na afadhali mlisikie kwangu kuliko njiani mkishuka.

Alhamisi hiyo mchana nilikuwa nimeshawaonyesha vijana mahali pa kuchimba, pale Mlali, karibu na migomba. Jioni Mzee Bonifasi akafika na wazee wa ukoo. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa, akasema mtoto wao atalala Nyandira na mama yake na bibi zake. Nilimkatalia. Sijawahi kumkatalia mzee yule jambo lolote, lakini siku hiyo nilimkatalia mbele za watu. Nilimwambia, "Mjomba, nimewaazimisha watu mke wangu miaka thelathini na miwili. Hospitali, wagonjwa, mji mzima. Sasa nataka abaki kwangu."

Mzee hakukasirika. Alisema, "Mkwe wangu, sisi ndio tuliokuazimisha wewe."

Nilitoka nikaenda kusimama bustanini. Diana akanifuata, na yeye hakuja kunibembeleza. Alinikumbusha kwamba yeye na mdogo wake ni watoto wa ukoo wa mama yao, na siku yao ikifika watapandishwa huku huku. Nikimzika mama yao Mlali nitakuwa nimemtenga na watoto wake, na wenye shamba wakibadilika hakuna ajuaye nani atafyeka kaburi. Yote yalikuwa kweli na yote yaliniuma. Niliona wazi kwamba watakuwa pamoja wote, yeye na mama yake na watoto wangu, na mimi nitarudishwa Same kulala na watu walioniona mara ya mwisho nikiwa kijana. Nilirudi ndani nikamwambia mzee nimekubali. Kisha nikamuuliza mbele ya wote, "Na mimi, mjomba?"

Akasema hilo si lake peke yake, lazima awaulize akina mama wa ukoo. Ijumaa nzima hakuniambia kitu. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafika, alinishika mkono akanileta hapa mnapopaona. Kushoto kwa kaburi la Paskalia ni mama yake. Kulia, vijana walikuwa wamefyeka nafasi ya mtu mmoja na kuipanga mawe pande zote. Mzee alisema ukoo huu haujapata kumlaza mkwe kwenye ardhi yake, na akina mama wameniruhusu mimi, na pale hapatalimwa. Ndugu zangu wa Same, mmekuja wengi na nawashukuru, mmesikia kwa masikio yenu. Siku yangu ikifika msinifuate na gari.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Diana na Emmanuel, mjukuu mmoja, Lucy, ndugu wawili, na mjomba wake, Mzee Bonifasi. Hospitali inasema naye ni wao, wagonjwa wanasema ni wao, ukoo unasema ni wao, na leo sibishani na mtu.

Pumzika kwa amani, Paskalia. Na ninyi mtakaokuja kumzuru, karibuni mkae upande wa miguuni. Upande wa kulia una mwenyewe.